Na. 5 Elbe: merikebu iliyokula mshahara wa kungoja

Swali la msomaji, nikilifupisha: “Shikamoo Kapteni. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi Hamburg kwenye ghala la makontena. Mwaka 2019 merikebu ya zamani ya mbao, Na. 5 Elbe, iligongana na meli ya makontena ikazama mtoni, na wenzangu Wajerumani walisikitika kama wamefiwa. Wakaniambia ilikuwa meli ya marubani. Nimekulia Raskazone, nimeona rubani akipelekwa melini kwa boti ndogo, dakika chache kafika. Marubani wa huku walikuwa na haja gani ya merikebu ya milingoti miwili inayoweza kuvuka bahari? Ilifanya kazi gani hasa, na ilipostaafu iliishi vipi? Na inakuwaje chombo cha marubani kizamishwe katika mto wake wenyewe?”

Marahaba, mwanangu, na pole na baridi.

Boti uliyoizoea Raskazone ni kama bodaboda. Inampakia rubani, yaani mjuzi wa maji ya mahali anayeiongoza meli ya mgeni, gatini, inamfikisha melini, inarudi kulala. Na. 5 Elbe ilikuwa nyumba. Marubani walipanda na mabegi yao ya nguo, wakatoka nje ya mto mpaka bahari ya wazi, wakakaa huko siku baada ya siku wakingoja meli zitokee upeoni. Kungoja ndiyo kazi iliyoundiwa. Ukilishika hilo, mengine uliyouliza yatajifungua yenyewe, hata lile la kwa nini ilipostaafu haikuvunjwa kuni.

Tuanze na mto. Kutoka gati za Hamburg mpaka Cuxhaven, Elbe inapokutana na Bahari ya Kaskazini, ni kama kilomita 100. Ni sawa na meli iingie Dar es Salaam, ipande bara mpaka karibu na Chalinze, ndipo ifunge kamba. Na hapo Cuxhaven hujafika baharini bado. Mbele yako kuna mafungu ya mchanga yanayoenea maili nyingi nje: Scharhörn upande mmoja, Großer Vogelsand upande wa pili, na katikati njia ya maji ambayo mgeni haioni kwa macho. Watu wa Hamburg walijua hatari hiyo zamani sana. Mnara wa matofali ulioko kisiwa cha Neuwerk waliujenga mwanzoni mwa karne ya 14, ukawa ulinzi na alama ya vyombo.

Maji pale hupanda na kushuka kama mita 3. Hilo halimshtui mtu wa Tanga aliyezoea bamvua. Tofauti iko chini ya maji. Mwamba wetu wa matumbawe ni adui mwenye anwani: babu yako aliujua ulipo, na wewe utaukuta palepale. Mchanga wa Elbe unahama. Dhoruba chache za majira ya baridi hutosha kusogeza ukingo wa fungu, na nahodha aliyetoka Valparaiso au Calcutta na ramani ya miaka mitatu nyuma anakuwa anasoma habari za maiti. Ongeza ukungu. Ongeza barafu inayoteremka na mto mwezi wa Januari. Mkondo wa kupwa nao ukikutana na upepo wa magharibi, maji yanasimama kama ukuta.

Kwa hiyo rubani hawezi kumngoja mgeni Cuxhaven. Mgeni atakuwa ameshapanda mchanga kabla ya kuonana naye. Lazima amkute nje ya mafungu yote, karibu na meli za taa zilizotiwa nanga mdomoni. Na huko nje, katika karne ya 19, hapakuwa na redio ya kusema “nafika saa nane.” Meli ya matanga iliyotoka Amerika ya Kusini ilifika upepo ulipoiruhusu, leo au Alhamisi ijayo. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Usipojua mgeni anafika lini, na mlango uko mbali na nyumba, unahamishia nyumba mlangoni.

Sasa tuitazame yenyewe. Na. 5 Elbe iliundwa mwaka 1883 Hamburg, katika karakana ya H. C. Stülcken. Ni skuna, yaani merikebu ya milingoti miwili ambayo matanga yake hufuata urefu wa chombo, si ya kukingamana kwenye foromali kama meli kubwa za siku zile. Mbao zake ni mwaloni, na mataruma, yaani mbavu zake za ndani, yamepangwa karibu karibu. Ukipima mpaka ncha ya mlingoti wa mbele, ule tunaouita dasturi, inakaribia mita 37; mwili wenyewe ni kama mita 26, na upana wake kama mita 6. Kwa macho ya mfanyabiashara ni hasara tupu. Ngama ambamo wewe ungepakia magunia, wao walijaza vitanda, jiko, na farumi ya kuizuia isipinduke.

Fundi yeyote wa jahazi wa Pangani akiitazama atauliza: inabeba tani ngapi? Jibu ni kwamba inabeba watu wanaongoja. Kila kitu kilipimwa kwa hilo. Mkuku, uti wa chombo chini, ni mrefu na umezama, ili chombo kishike njia bila kupepesuka. Sitaha iko chini, ili mashua ndogo ishushwe na kupandishwa mara kumi kwa siku bila kuua mtu. Matanga yanaweza kufungwa na watu wachache. Na kuna ufundi mmoja ambao skuna hizi ziliufanya vizuri kuliko vyombo vingi: tanga la mbele linakazwa upande wa kinyume, usukani unafungwa, nguvu mbili zinapingana, na merikebu inatulia juu ya mawimbi kama bata, ikienda mrama taratibu. Haiendi mbele, hairudi. Nahodha wa shehena anafanya hivyo mara moja kwa safari, akibanwa na tufani. Kwao ilikuwa ndiyo shughuli ya kila siku, kama wewe unavyoegesha foko ghalani.

Marubani walikuwa na zamu. Orodha iliheshimiwa kuliko Msahafu. Aliye juu ndiye anayekwenda, iwe meli ni safi yenye nahodha mkarimu, iwe ni jungu bovu la makaa. Aliyebaki anakula, analala, anavuta kiko, anacheza karata. Mabaharia wa skuna, ambao si marubani, ndio waliokesha. Mchana walitafuta bendera ya kuomba rubani. Usiku skuna ilikuwa na taa nyeupe mlingotini, na kila baada ya muda, usiozidi robo saa, ilitoa mwali wa moto uonekane mbali. Meli inayohitaji rubani nayo iliwasha moto wa buluu. Picha yake ni hiyo: giza, mvua ya barafu inayokata uso, na mioto miwili inayoitana.

Wakisogeleana, skuna inakwenda upande usiopigwa na upepo, ambao watu wa vyombo tunauita demani. Mashua inashushwa na wapiga makasia wawili. Rubani ameketi nyuma na koti zito, viatu vya ngozi mpaka magotini, na kama akianguka na mavazi hayo hatuhitaji kueleza zaidi. Wanapiga makasia mpaka ubavuni mwa meli, ambayo inapanda na kushuka, na mashua inapanda na kushuka kwa mwendo wake mwingine. Ngazi ya kamba inaning’inia. Anangoja.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hili nalijua kwa mikono yangu. Nimepanda ngazi hizo zaidi ya miaka ishirini katika bandari zetu, na injini na redio na jaketi la kuokolea, na siku zote ile sekunde moja ni ileile ya mwaka 1883. Kanuni haijabadilika: unashika ngazi mashua ikiwa juu kabisa ya wimbi, kabla haijaanza kushuka. Ukiishika ikiwa chini, wimbi linalofuata litaipandisha mashua ikupondeponde miguu. Ukichelewa, mashua imeshaondoka chini yako na unaning’inia kwa vidole. Ukishaishika, panda, usitazame chini, usisalimie mtu. Msimu mmoja wa kusi kali, meli moja ya shehena ya kichele, jina lake nalihifadhi, iliniteremshia ngazi iliyopakwa rangi mpya. Aliyeipaka asifiwe kwa usafi! Rangi ilikuwa imefunika kamba iliyooza. Kipago cha nne kilitoka upande mmoja, nikabaki na mguu wa kulia hewani, na sarahangi wa boti yetu akafanya jambo la busara kuliko yote: aliisogeza boti mbali, ili nikianguka nianguke majini na si juu ya chuma. Sikuanguka. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kupanda ngazi bila kwanza kuivuta kwa uzito wangu wote, na ngazi iliyopakwa rangi niliirudisha, nahodha akasirike asikasirike. Kanuni za kimataifa nazo zinakataza kuipaka rangi ngazi ya rubani, kwa sababu hiyohiyo.

Kifo hapo si hadithi. Desemba 1961, mdomoni mwa Elbe hiyohiyo, mashua ya kumhamisha rubani ilipinduka karibu na meli ya Uingereza iitwayo Ondo, watu wakafa. Ondo ikajaribu kuwasaidia, mkondo ukaisukuma mpaka Großer Vogelsand. Mchanga haukuirudisha. Iko huko mpaka leo.

Akishafika juu, rubani hachukui meli. Watu wengi hukosea hapa, hata waandishi wa magazeti. Nahodha anabaki kuwa nahodha na dhamana ni yake. Rubani anampa ujuzi wa mahali. Lakini katika njia nyembamba ujuzi huo ndio kila kitu, na nahodha mwenye akili humkabidhi amri za usukani huku yeye akitazama. Rubani wa Elbe alikuwa na mto kichwani: boya lipi, mnara upi ukijipanga na upi, kina gani saa ngapi baada ya maji kuanza kujaa. Kukiwa na ukungu, walitia bildi, ile timazi ya risasi yenye nta au mafuta kitakoni. Nta huja na mchanga, au tope, au kombe zilizovunjika, na rubani akiutazama uchafu ule kiganjani anasema tuko wapi. Wazee wetu wa majahazi walifanya vivyo hivyo.

Kumbuka pia kwamba kazi ilikwenda pande mbili. Meli inayotoka Hamburg ilikuwa na rubani wake, naye lazima ashuke mahali. Alishukia skuna. Kwa hiyo merikebu ilikuwa ikitoa watu na kupokea watu, na marubani walipopungua mno, nyingine ilikuja kushika zamu, nayo ikarudi Cuxhaven kwa maji, mkate na makaa.

Niseme neno juu ya New York, kwa sababu wengi wakisikia “skuna ya marubani” wanafikiria mashindano. Kule kila kundi la marubani lilikuwa na skuna yake, na aliyewahi ndiye aliyelipwa. Wakawa wanakimbizana mamia ya maili baharini kuiwahi meli moja. Ndiyo maana skuna zao zikawa kali kwa mbio: yule George Steers aliyebuni America, boti iliyowashinda Waingereza mwaka 1851, alikuwa mbunifu wa skuna za marubani. Zilikuwa nzuri kutazama, lakini dhoruba ya theluji ya Machi 1888 iliziharibu vibaya, na miaka michache baadaye marubani wenyewe waliunganisha nguvu wakanunua meli ya mvuke. Mimi sijawahi kuupenda ule mtindo. Rubani anayegombania wateja siku moja atakubali kuingiza meli ambayo ilipaswa kungoja maji.

Sasa, wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo kuna jambo la kukupa ufikirie ukiwa kwenye treni. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa hapo Hamburg mwaka 1890, na meli zake zilikuja Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Kila moja iliteremka Elbe na rubani, ikamshusha mdomoni. Na. 5 ilikuwa na umri wa miaka saba na ilikuwa kazini. Siwezi kukuapia kwamba ilimpokea rubani wa meli fulani iliyokuwa ikija kwetu, ila ingekuwa ajabu kama hilo halikutokea hata mara moja katika miaka yote ile.

Na kabla ya hapo kulikuwa na O’Swald. Hii ni familia ya wafanyabiashara wa Hamburg waliofungua duka Zanzibar mwaka 1849, wakatajirika kwa kauri: walizinunua pwani yetu wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Mmoja wao, William Henry O’Swald, ndiye aliyefanya mapatano ya biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1859 kwa niaba ya Hamburg na miji wenzake. Uzeeni akawa meya wa pili wa Hamburg, na meli ya taa iliyokaa nje kabisa mdomoni mwa Elbe ikapewa jina lake, Bürgermeister O’Swald. Kwa hiyo taa ya kwanza aliyoiona baharia anayeingia Hamburg ilikuwa na jina la mtu wa kauri za Zanzibar. Meli hiyo ya taa ilipinduka katika dhoruba ya Oktoba 1936, na watu wote 15 waliokuwamo walikufa.

Turudi kwa merikebu yako. Mvuke ndio uliowastaafisha hawa. Meli za mvuke zilifika kwa ratiba, na chombo cha marubani chenye injini hakikuhitaji kuomba ruhusa kwa upepo. Na. 5 ilitumika kwa zaidi ya miaka 30, kisha katika miaka ya 1920 ikauzwa kwa watu binafsi, ikaitwa Wandervogel, yaani ndege wa kuhamahama. Mwishoni mwa miaka hiyo Mmarekani Warwick Tompkins akainunua na jina akaligeuza kwa Kiingereza, Wander Bird. Akavuka nayo Atlantiki mara nyingi na vijana waliolipa ili wafundishwe ubaharia, mkewe na watoto wake wawili wadogo wakiwa humohumo. Mwaka 1936 wakaizungusha Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini, kutoka mashariki kwenda magharibi, dhidi ya upepo, kutoka Gloucester ya Marekani mpaka San Francisco. Chombo cha umri wa miaka 53!

Watu husema ilikuwa bahati au ushujaa wa Tompkins. Ushujaa ulikuwapo. Lakini mimi naona mantiki. Meli ya shehena ikizeeka imechoka, kwa sababu kila safari ilibebeshwa mpaka mwisho na kuvutwa ikimbie. Skuna ya marubani haikuwahi kujazwa. Iliundwa ikae penye bahari mbaya bila haraka, na Rasi ya Horn ni mahali pa namna hiyohiyo, tofauti ni ukubwa tu. Aliyekuwa msaidizi wa nahodha ndani ya Wander Bird, Irving Johnson, aliliona hilo. Humo ndimo alimokutana na mkewe, Exy. Walipotaka chombo chao wenyewe mwaka 1933 hawakwenda kununua mashua ya kifahari. Walinunua skuna ya marubani wa Uholanzi, wakaiita Yankee, wakaizungusha dunia. Baada ya vita wakatafuta nyingine, na safari hii ikawa ya marubani wa Ujerumani, iliyoundwa Emden mwaka 1912. Nayo wakaiita Yankee na kuizungusha dunia tena na tena, mpaka ikauzwa, na mwaka 1964 ikafia kwenye mwamba wa Rarotonga, kisiwa cha Pasifiki, mikononi mwa wengine. Mtu mmoja, vyombo vitatu, vyote vya marubani wastaafu.

Wander Bird yenyewe haikuwa na uzee mzuri siku zote. Ilikaa Sausalito, upande wa pili wa ghuba ya San Francisco, ikioza topeni. Mwaka 1969 mtu mmoja akainunua na kutumia zaidi ya miaka kumi kubadilisha mbao, kupiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kusimamisha milingoti. Aliyewahi kukaa na fundi wa jahazi anajua maana yake: unang’oa ubao mmoja uliooza, unakuta taruma nyuma yake nalo limeoza, na kila taruma lina jirani. Mwaka 2002 taasisi ya Stiftung Hamburg Maritim ikairudisha nyumbani, na jina la Na. 5 Elbe likarudi.

Swali lako la mwisho ndilo linalouma. Mwaka 2019 ilikuwa imetoka kukarabatiwa Denmark, kwa gharama iliyotajwa kuwa euro milioni 1.5. Wiki chache tu baadaye, tarehe 8 Juni, ikiwa na watu 43, iligongana na meli ya makontena Astrosprinter karibu na Stade. Watu wote waliokolewa, baadhi wakiwa wameumia. Merikebu ilizama, ikaja kuinuliwa siku kadhaa baadaye.

Inakuwaje? Tazama pale ilipogongwa. Stade ni ndani ya mto. Katika maisha yake ya kazi Na. 5 ilishinda nje, kwenye maji mapana, na meli ndizo zilizoifuata. Ustaafu uliibadilishia kazi. Sasa ilibeba wageni wa kutalii, na wageni hawataki kulala siku nne nje ya Scharhörn wakitapika. Wanataka mandhari, chai na keki. Kwa hiyo chombo kilichoumbwa kungoja nje kiliingizwa katika njia nyembamba, chini ya matanga, pamoja na meli za makontena zenye urefu wa mita 140 na zaidi.

Na hapo kuna kanuni ambayo watu wa matanga huisahau. Kwenye bahari ya wazi, meli ya injini humpisha mwenye matanga. Ndani ya mlango mwembamba mambo hugeuka: chombo cha matanga hakiruhusiwi kumzuia yule asiyeweza kupita salama nje ya njia yenye kina. Wazee wetu waliotoka na ngalawa mbele ya meli pale Magogoni walilijua bila kusoma. Meli ya namna ile haisimami. Ukiirudisha injini nyuma inaendelea kuja, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, huanza kwenda inakotaka. Hata rubani aliye bora akiwa darajani, pale inapoongozwa meli, akishaiona skuna imegeuka mbele yake anabaki na honi na dua.

Sisemi hivi kuwalaumu waliokuwa usukani siku ile. Nasema mahali pale palihitaji kile ambacho Na. 5 yenyewe ilikipeleka kwa wengine zaidi ya miaka 30: mtu anayejua nani atapita wapi, dakika ngapi kabla.

Usidhani kazi ile imekufa. Nje ya Elbe bado kuna meli ya marubani inayokaa kituoni na marubani wanaolala humo, maana mchanga bado unahama. Siku hizi ni vyombo vya mwili wa aina yake, vinavyoelea juu ya maboya mawili makubwa yaliyozama chini ya mawimbi, ili visitikisike sana, na moja ya boti zao ndogo inaitwa Duhnen, jina lilelile ambalo Yankee ya pili ilikuwa nalo kabla ya kuuzwa kwa Johnson. Rubani akishaileta meli juu karibu na mji, pale Seemannshöft, anampisha rubani wa bandari, naye ndiye anayeifikisha kwenye gati unalopakulia wewe.

Ukipata siku ya mapumziko panda treni mpaka Cuxhaven. Pale kwenye jukwaa la Alte Liebe utakuta meli nyekundu ya taa iliyostaafu, imeandikwa Elbe 1. Jina lake halisi ni Bürgermeister O’Swald II, mrithi wa ile iliyopinduka. Salimia kwa niaba ya kauri zetu. Kisha ngoja jioni iingie na utazame maji. Boti ya marubani iliyo kazini hutambulikana kwa taa mbili mlingotini, nyeupe juu, nyekundu chini. Ni zilezile utakazoziona Tanga, ukirudi likizo, ukikaa Raskazone usiku meli ikiingia.